Kisiwa Kilichozama Kidole Kimoja

Bergen, 11 Februari 2024

Ami yangu Jaafar,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenitoa rangi, ukiniona utadhani nimepakwa unga. Mama anakusalimu kutoka Mombasa. Presha yake imetulia tangu aache kutazama taarifa ya habari. Anauliza tena unahamia lini. Chumba chako ameshakipaka rangi, ile ya kijani unayoichukia, na godoro amelianika.

Kadi ya kumbukumbu ya chombo uliyompa kijana wetu Adnan anitumie imefika, pamoja na barua yako ya mistari minne. Mistari minne, Ami! Chupa ya dawa ya kikohozi ina maelezo marefu kuliko hayo. Najua hutaki kunitumia sauti kwa simu kwa sababu ikimfikia mama inaufikia ukoo mzima kabla hujameza mate. Sawa. Lakini karatasi imekukosea nini? Ijaze.

Sasa shughuli. Nilipokuja miaka mitatu iliyopita kupanda kile chombo kwenye sakafu ya gofu la babu kule kisiwani Chovae, uliniuliza kinapima nini na mbona kimekaa tu. Nikakwambia nitakueleza nikipata nafasi. Nafasi imepatikana, kaa kitako.

Ardhi tunayoikanyaga ni mabamba makubwa ya mwamba, na yanatembea, taratibu kama kucha inavyoota. Wakubwa wa elimu hii wanasema kinachoyatembeza ni kuzama. Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, ukingo wake unainama chini ya bamba jirani na kudidimia, na unalivuta bamba zima nyuma yake, kama kikoi kilicholowa upande mmoja kinavyoteleza kutoka kwenye kamba. Profesa wangu ameishi na maneno hayo miaka yote. Mimi namuuliza hivi: bamba letu, kutoka bonde la ufa mpaka katikati ya Bahari ya Hindi, halina ukingo hata mmoja unaozama. Na bado linakwenda. Linavutwa na nani? Ananijibu nilete vipimo. Ndiyo maana nina chombo Shelisheli, kingine Morisi, na cha tatu Chovae, mikononi mwa mzee mwenye goti bovu.

Chombo kinasikiliza setilaiti za angani, na kwa kuzisikiliza kinajua kimesimama wapi. Nahitaji kadi za mwaka huu tu, nikabidhi kazi yangu Desemba. Kisha nitakuja mwenyewe kuking'oa, kama nilivyokuahidi.

Mwanao anayekuombea goti,
Zakiya


Kismayo, 2 Aprili 2024

Kwa Zakiya binti Athman, msomi wa mawe,

Waaleikum salaam, na saumu njema. Mimi mzima. Goti linalalamika lakini hakuna mchu, au mtu kama mnavyosema Mombasa, wa kulisikiliza. Duka langu la kamba na nyuzi lipo palepale, na wateja bado wananiita adeer, yaani ami kwa Kisomali, wakitaka kupunguziwa bei. Sambusa za mwaka huu zina vitunguu vingi kuliko nyama. Mwambie mama yako Maimuna kile kijani nitakizoea siku nikiwa kipofu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Kwa hivyo umevuka bahari ukakaa kwenye barafu miaka yote hii ili ujue kwamba nchi yetu haitulii? Lo! Si ungeniuliza mimi. Mimi tangu vita vya tisini na moja sijaiona ikitulia.

Babu yako aliijenga nyumba ile juu ya mwamba mtupu ili isisogee. Na haikusogea. Sisi ndio tuliosogea: marehemu baba yako na Maimuna kambini, wewe ukazaliwa huko, mimi nikarudi Kismayo peke yangu kama mchu aliyesahau kitu. Hilo la nani anavuta, mwulize profesa wako kama amewahi kuhama kwa kuvutwa. Mimi nilisukumwa.

Chovae nimekwenda. Kadi nimebadilisha, na kioo cha jua nimekifuta mavi ya ndege. Chombo chako kimetulia kama bwana harusi, nikakipa salamu zako.

Ami yako, ambaye leo amejaza karatasi, usiseme,
Jaafar


Bergen, 19 Mei 2024

Ami Jaafar,

Salamu na Eid iliyopita. Mama alipika maandazi ya kulisha mtaa, akanionyesha kwa simu moja baada ya jingine, ukatili mtupu. Kuhusu kijani, anasema hata jeneza lina rangi mtu asiyoichagua. Nimekufikishia kama alivyosema.

Pili, bahasha yako ilimwaga vumbi jeupe mezani kwangu. Lilikuwa nini?

Tatu, na hili silichezei. Kadi ya Aprili inaonyesha Chovae imeshuka. Upana wa kidole kimoja, Ami, na mwamba haushuki kidole kizima kwa wiki chache bila sababu. Profesa alipoona alifurahi kama mtu aliyeletewa halwa. "Si ulisema kwenu hakuna kinachozama?" Wote maabara wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie.

Nikueleze ubaya wake. Si kwamba bamba letu limeota ukingo wa kuzama, hata yeye anajua hivyo. Ni kwamba kituo kinachoshuka bila sababu hakiaminiki hata kwa safari yake ya ubavuni. Nikiitoa Chovae nabaki na visiwa viwili, na kwa viwili hoja yangu haisimami. Miaka minne ya kazi itakwenda chini na kidole kimoja.

Kwa hivyo niambie kweli. Kuna mtu aliyekigusa? Mbuzi? Watoto? Umekigonga kwa lile goti?

Mwanao asiye na hamu hata ya kula,
Zakiya


Kismayo, 7 Julai 2024

Zakiya mwanangu,

Salamu nyingi. Kula, kwanza kula. Msomi mwenye njaa ni mchu mkali tu. Kusi imeshika na bahari imechafuka, ndiyo maana kadi hii imechelewa. Goti limepata dawa ya mafuta ya kondoo, linanuka lakini linakunjika.

Hakuna aliyekigusa chombo chako. Naapa, si mchu, si mbuzi. Lile vumbi ni unga wa sambusa.

Nami nina swali langu. Babu yako alimfuga chazo, yule samaki anayejigandisha kwa kichwa, kwenye kidimbwi cha mwambani nyuma ya nyumba. Siku ya kwenda kuvua kasa alimfunga kamba mkiani, akamtaka radhi kwa kumfunga. Usicheke, alimtaka radhi kwa sauti, na sisi watoto tukakatazwa kumtukana. Chazo akiachiwa humfuata kasa, humgandamia tumboni, nawe ukavuta kamba mpaka kasa anafika ubavuni mwa mashua. Wakirudi, chazo alipewa kipande chake kabla ya mchu yeyote. Mzee akisema ndiye aliyefanya kazi.

Sasa, Bibi Mawe, kasa amevutwa na nani? Jibu vizuri, maana mimi nilipokuwa mdogo nilijibu vibaya nikapigwa kofi.

Ami yako mwenye harufu ya kondoo,
Jaafar


Bergen, 25 Agosti 2024

Ami Jaafar,

Salamu. Nimekula. Huku ni kiangazi, maana yake mvua ina joto kidogo. Mama amekwenda Malindi harusini na amerudi na maneno ya wiki tatu.

Jibu langu: kasa amevutwa na mkono wa babu. Chazo ameshika tu. Na nashukuru, kwa sababu ndicho ninachowaambia hawa. Wanaona ukingo unaozama umeshikamana na bamba linalokwenda, wanasema ndio unaolivuta. Pengine mahali pengine ndivyo, sikatai. Kwa bamba letu hakuna cha kuzama, na pengine ni mwamba wa moto chini yake unaolibeba. Nilimsimulia profesa habari ya chazo, akaipenda, kisha akauliza: "Na huko chini mvuvi ni nani?" Hapo mfano wako ukakatika, Ami. Huko chini hakuna mvuvi. Kofi lako, kama ulijibu kama mimi, nadhani lilikuwa la haki.

Unga wa sambusa haukwangui meza. Huu umenichorea mistari.

Kadi ya Julai ni mbaya zaidi. Vidole viwili sasa. Profesa hacheki tena, ananiangalia kwa huruma, afadhali angecheka.

Jambo jingine dogo. Januari atakuja Adnan kuking'oa chombo badala yangu. Mimi nitakuwa na shughuli. Nitakueleza siku nyingine. Usichukie.

Mwanao,
Zakiya


Kismayo, 30 Septemba 2024

Zakiya,

Kadi hii hapa. Mimi mzima.
Adnan namjua, kijana mzuri, mikono yake ni ya kushika simu.
Shughuli yako siijui na siiulizi.
Mvua za vuli bado.

Jaafar


Bergen, 17 Novemba 2024

Ami yangu,

Mistari minne. Najua mistari minne yako maana yake nini, tangu nilipokuwa mdogo ulikuwa ukikasirika unakuwa bubu.

Salamu zote baadaye, nitaanza na kisa. Nilikuwa nimekata tamaa. Nikasema kabla sijaitoa Chovae kwenye kazi yangu, nichore mbingu yake. Mchoro huo ni duara: unaweka nukta kila mahali setilaiti iliposikika. Mwaka wa kwanza duara lote limejaa. Kisiwa kitupu, hakuna kinachokinga. Kadi ya Aprili, upande wa kusini umekatika chini, kwa mstari ulionyooka. Julai umekatika upande wa mashariki na wa magharibi. Nikasema ni wingu. Wingu gani lina pembe nne, Ami? Nikasema ni miti. Mti gani unaota mraba?

Upande wa mashariki katikati pana kipande kidogo wazi. Na upande wa kaskazini, uliokatika Septemba, pana mwanya mwembamba unaofika mpaka chini kabisa. Nikiwa mdogo mama aliwahi kunichorea nyumba ya babu kwa kidole, kwenye mchanga wa kambi, chumba alichoingia akiwa bibi harusi. Dirisha aliliweka mashariki. Mlango aliuweka kaskazini, kuelekea kisimani.

Na tangu Septemba setilaiti zinasikika hafifu hata za utosini, kama zinapita kwenye majani yaliyolowa. Makuti!

Kisiwa hakijazama hata unywele. Ni kuta zilizopanda, zikaziba setilaiti za chini, na hesabu ya chombo ikapotoka. Wewe mzee, wewe! Unga wa sambusa! Ilikuwa chokaa!

Nilicheka mpaka profesa akatoka ofisini kwake, akanikuta nalia, akadhani nimefiwa. Nikamwonyesha. Aliangalia ule mlango, akauliza huyo fundi ni nani. Nikamwambia ni ami yangu, alitakiwa awe anajiandaa kuhamia Mombasa.

Nikichukua vipimo vya zamani nikavikinga kwa umbo la kuta hizohizo, navyo vinashuka vilevile, na tofauti ya kidole inatoweka. Kuta naziweza. Paa ndilo siliwezi, limeziba kila kitu. Profesa amenisogezea mpaka Juni, lakini anataka miezi mitatu ya mbingu wazi utosini. Sasa niseme nini? Siwezi kukwambia uezue nyumba ya babu. Na nisipokwambia, sina kazi ya kukabidhi.

Na ile shughuli. Nimeitwa kazi Chile, mwisho mwingine wa dunia, ambako bamba linazama kweli mbele ya macho. Inaanza Februari. Sikutaka kuja Chovae kuking'oa chombo mbele yako, nikakupa mkono, nikaondoka kwa safari isiyo na marejeo ya karibu. Niliona afadhali nimtume Adnan. Niliogopa uso wako, Ami, ndilo hilo tu.

Zakiya


Chovae, 5 Januari 2025

Zakiya mwanangu,

Umeona nilipoandikia. Barua ya kwanza kutoka nyumba hii tangu tuihame, na wino umeganda kwa ubishi.

Salamu na heri. Kwa hivyo ulikuwa ukiniona kutoka angani muda wote huo! Ningejua ningevaa shati.

Sikukudanganya, ila kwa ule unga. Uliuliza kama kimeguswa, nikasema hakikuguswa na mchu, na kweli. Fundi Bakri alitaka kukisogeza kando apate nafasi ya kuchanganya chokaa, nikamwambia akikitia mkono tunavunja urafiki. Tukajenga kukizunguka. Ulisema chombo kinasikiliza, nikadhani anayesikiliza hazuiwi na ukuta wala paa. Tena jua lilikuwa linakichoma tangu ulipokiacha, mgeni wako, nikaona aibu. Nikafurahi nilipokiezekea. Basi nilikuwa nakuziba macho, mwanangu. Nisamehe.

Sikusema kwa sababu Maimuna angejua, na Maimuna akijua ningekuwa nimelala kwenye kijani kabla ya kusi kwisha. Kila ninayemwuliza atarudi lini ananiambia hakuna pa kufikia. Maneno ya kweli. Nikasema basi nifanye pa kufikia, halafu nione watasema nini. Wewe ulikuwa umeahidi kuja mwisho wa mwaka. Nilitaka ufike ukute mlango.

Barua yako ilipofika sikuezua nyumba. Nilimpandisha Bakri juu akate mraba kwenye makuti, sawasawa juu ya chombo, mkubwa kama mkeka wa kuswalia, wa mchu mnene. Akaniuliza, "Mzee Jaafar, yaani tumeezeka wiki mbili ili tutoboe?" Nikamwambia ndiyo, nchi inataka kuangalia juu. Anasimulia kisiwa kizima kwamba nimeanza kuzeeka vibaya. Chini tumechonga mfereji mdogo sakafuni mpaka mlangoni, maji yapate pa kupita. Kadi hii ina wiki chache za tundu hilo, angalia kama linatosha, kama halitoshi nitalipanua.

Chumba hicho ndicho chako. Kitanda kiko ukutani, chombo katikati. Ikinyesha utalowa mguu mmoja, chagua upi.

Chile nenda. Sikuzuii, wala kamba sikukufunga. Nilikasirika, nikakaa na hasira mpaka ikanichosha. Lakini Adnan asije na bisibisi yake. Chombo ulikipanda wewe, kitang'olewaje na mwingine? Kama huji, kitakaa hapa na mimi, na tundu litabaki wazi, na mvua nimeizoea.

Maimuna usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikipata moyo.

Ami yako, mwenye nyumba,
Jaafar


Bergen, 9 Februari 2025

Ami, mwenye nyumba,

Salamu na pongezi. Tundu linatosha. Kisiwa kimerudi mahali pake, vidole vyote viwili, na kinaendelea na safari yake ya ubavuni kama kawaida. Profesa amesema, "Bado sikubaliani na wewe, lakini kabidhi." Kwake hiyo ni kama kunipigia vigelegele.

Chile nimewaomba wanisubiri mpaka Septemba. Wamesema watafikiria. Wakikataa, basi, milima yao haina haraka.

Ninakuja Aprili, Eid ikipita. Kadi ya mwisho nitaichukua kwa mkono wangu. Adnan atanisindikiza na hatagusa kitu. Bisibisi siji nayo, Ami. Nakuja na betri mpya, hii ya zamani ilikuwa imebakiza miezi michache na sikuwa nimekwambia. Nilidhani haitahitajika tena.

Mama anajua. Usinitazame mimi, ni Adnan, alitumiwa picha ya nyumba na Bakri akaisambaza kabla hajamaliza kuiona. Mama amekasirika siku nzima, amekuita majina ambayo siyaandiki. Jioni akanipigia akaniuliza mlango umeuweka wapi. Nikamwambia kuelekea kisimani. Kisha akasema ile rangi ya kijani imebaki ndoo nzima, na anakuja nayo.

Tundu usilizibe. Tunaleta miavuli miwili.

Mwanao,
Zakiya